Senti Yenye Tundu

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilishuku nikiwa mwali, nikashuku nikiwa mke, na mume wangu alipofariki akaniachia watoto wanne na pikapu kuukuu ya dizeli, nikawashuku hata waliokuja msibani. Wengine walikuwa wakilitazama gari kuliko jeneza.

Gari lenyewe alilikuta limetupwa kwenye shamba la mkonge alikokuwa dereva, akalifufua. Akanifundisha kuliendesha kwenye kiwanja cha shule, watu wa kijiji chetu cha Mamba wakicheka hadi wanashika mbavu. Alipoondoka duniani, kicheko kikaisha. Ndizi na tangawizi za nusu ya kijiji zilishuka mjini Same kwa gari hilo, na usukani nilishika mimi.

Siku hizo za Ujamaa vipuri ulivisikia tu. Betri ilikufa, nyingine haikupatikana, kwa hiyo gari tuliliwasha kwa mteremko. Unalegeza hendibreki, linateleza, unatia gia, linakohoa, linawaka. Ndiyo maana kila mara liliegeshwa ukingoni mwa uwanja wangu, kichwa kikitazama barabara inayoshuka.

Ndipo akaja fundi. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mtu wa kuja, kwao mbali huko kusini. Alikuwa mkata mkonge kisha akajifunza ufundi wa magari huko kambini kwa wakata mkonge. Aliomba kijiji kimpe kiwanja ahamie na mkewe na mtoto wao mchanga, maana kambini, alisema, mtoto anakohoa vumbi tu. Mwenyekiti akamwambia asubiri kikao. Akapewa chumba nyuma ya duka la ujamaa, na kwa kuwa alikuwa na imani na kikao hicho, akaanza kukata miti ya kujengea. Akaomba kuilaza uwanjani kwangu. Nikamkubalia kwa shingo upande.

Akalikagua gari langu. Akaniambia kwenye bomba la dizeli, pale linapoungana na pampu, pana kipete cha shaba cha kuzibia kimechakaa, na gari linavuta hewa.

"Mpaka nipate kingine, mama, liegeshe kichwa chini tu. Usiligeuze."

Lo! Nikamtolea macho. Gari lisilohitaji betri, kichwa chini, barabara mbele yake: anayetaka kuliiba anahitaji nini zaidi ya kulegeza hendibreki? Halafu mgeni ndiye ananisisitizia! Nilimpa sahani yake ya makande, akala, akashukuru, akaondoka. Hata jioni haijafika nikawaita majirani, tukaligeuza. Kichwa kikatazama dirisha langu, juu, na nyuma nikaweka mawe mawili. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi nikaondoa mawe, likashuka kinyumenyume, nikatia gia ya nyuma. Likakohoa, likazima. Nikamwita fundi. Akafungua nati ndogo kwenye pampu, akabonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha na dizeli safi ikatoka. Likawaka.

"Nilisema kichwa chini," akasema. "Kichwa kikiwa juu, mafuta yanarudi nyuma."

Mafuta yanarudi! Mafuta yana miguu? Nikaanza kupima tangi kwa kijiti kila jioni na kila asubuhi. Hayakupungua hata kidogo. Mtu mwingine angepumua. Mimi nilizidi kuchacha: kama haibi dizeli, basi analiharibu ili tumhitaji. Nikamwaga majivu kuzunguka gari nione nyayo. Asubuhi nikakuta nyayo za kuku. Nikajiambia, huyu kumbe amejua habari ya majivu.

Na gari lilizima kila asubuhi. Kila asubuhi akaja, akatoa hewa, akala makande, akasema neno lake lilelile la kichwa chini. Alivyokuwa mpole ndivyo nilivyozidi kumchukia.

Halafu yakaja ya senti. Wanawake kisimani wakaniambia fundi anapita nyumba kwa nyumba akiulizia senti za zamani za mkoloni, zile zenye tundu katikati, ambazo bibi zetu walizifungia watoto shingoni. Hela isiyonunua hata kiberiti, anaitakia nini? Nikasema basi, nimempata.

Kikao kilipokaa kuamua habari ya kiwanja chake, nilisimama wa kwanza.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu ni kupe. Analiharibu gari linalobeba mazao yetu ili tumlishe. Na hizo senti za tundu atuambie ni za uganga gani."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akamwamuru atoe vilivyo mifukoni. Akaweka mezani spana, tupa ndogo, na senti moja yenye tundu, imechomwa moto ikawa nyeusi, na tundu lake limepanuliwa kwa tupa.

"Hii ni ya nini?"

"Ya gari la mama."

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote. Mwenyekiti akanisukumia ile senti: "Haya mama, chukua mali yako." Kiwanja akanyimwa. Kesho yake nikamwona akishuka kwa miguu njia ya Kihurio, kule bondeni, kisanduku cha spana begani, bila kugeuka. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi gari likazima.

Na ya pili yake. Na ya tatu. Mikungu ya ndizi ya watu ikaiva nyuma ya gari, nyuki wakajaa. Hakukuwa na fundi wa kumshuku tena. Nikafunua boneti mwenyewe. Nilikuwa nimemtazama kwa jicho baya asubuhi nyingi mno, kwa hiyo kazi niliijua. Nikabonyeza pampu ya mkono, na pale kwenye kiungo cha bomba nikaona dizeli ikivuja kama jasho. Nikafungua bolti. Kipete cha shaba kilichotoka kilikuwa chembamba, kimepasuka upande mmoja. Nikakiweka kiganjani. Ukubwa ule nilikwisha kuuona, mezani kwa Mwenyekiti.

Senti nilikuwa nimeitupa chini ya kiti. Nikaitafuta kwa magoti. Ikaingia kwenye bolti kama vile imezaliwa hapo. Nikakaza; kumbe moto ule ulikuwa wa kuilainisha shaba, ikakaa sawasawa. Nikatoa hewa, nikaliacha gari vilevile, kichwa juu, usiku kucha. Asubuhi likashuka hatua tatu, likawaka. Nilikaa pale usukanini nikalia kama mtoto, injini ikiunguruma.

Nikateremka Kihurio. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi. Nilimkuta kwenye majaruba ya mpunga ya watu, jembe mkononi, matope hadi magotini. Mkewe, aliyekwisha kumtoa kambini, alikuwa kwenye tuta na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa akikohoa.

"Shikamoo, mama," akasema yeye kwanza.

Nikaitikia marahaba. Yale maneno yote niliyopanga yakapotea, mimi niliyesema kwa sauti kubwa vile mbele ya kijiji kizima.

Akaliangalia gari. "Senti ilikaa?"

"Ilikaa, fundi."

"Haivuji?"

"Haivuji."

"Usiikaze sana."

"Nisamehe," nikasema. "Nitarudi kwa Mwenyekiti, nitasema mbele ya wote. Miti yako bado ipo uwanjani kwangu."

Akamtazama mkewe, kisha akainama kuchukua jembe lake.

"Wape wanaojenga, mama."

Kwa Mwenyekiti nilikwenda, na nikasema. Wakampa kiwanja, hakuja kukichukua. Miti sikumpa mtu. Mchwa waliila palepale uwanjani, na mimi nikiiona kila nilipogeuza gari.