Sahani Mbili za Maji Juani

Nakumbuka mchana mmoja kule kwetu Oldonyo Sambu, mwanangu, nikiwa na miaka kama ishirini, mikono ikiwa myepesi kuliko akili.

Mdogo wangu Naserian alikuwa na miaka tisa. Moyo wake ulikuwa na tundu, hakuweza kutembea hadi shuleni, basi mimi niliyemaliza kidato cha nne nikawa namfundisha nyumbani. Siku hiyo akaniuliza kwa nini meno yetu ni ya kahawia. Nikamwambia ni maji ya kisima chetu.

"Dada, mbona maji yenyewe ni meupe?"

Nikageukia sufuria yangu jikoni. Akaamua kutafuta jibu mwenyewe. Aliweka sahani mbili juani pale uani, moja ya maji ya kisima, nyingine ya maji ya mvua, yakauke aone kitakachobaki. Kila asubuhi alijikokota kwenda kuzitazama, akachora alichokiona daftarini.

Ijumaa wakaja wageni. Vyombo vilikuwa vichache, basi nikayamwaga yale maji, nikazisuuza sahani, nikapakua chakula. Naserian hakulia. Alisema tu, "Dada, yalibaki kidogo tu yakauke."

"Acha uchafu wako," nikamjibu. "Tutaanza tena Jumatatu."

Baba alisikia. Wageni walipoondoka akaniita. "Mtoto huyu miguu haimfikishi popote," alisema, taratibu, bila kunifokea. "Hapo uani ndipo alipokuwa amefika. Nawe umemrudisha."

Jumapili akazidiwa. Tulimshusha hospitalini mjini, hakurudi. Jumatatu niliyomwahidi ilitukuta tunachimba kaburi. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo, mwanangu, nimemlea mpaka mvi hizi.

Juzi hapo kwako Themi nilikuona ukimfokea binti yako kwa kumwaga limau na magadi mezani, akitaka kuona povu. Nilinyamaza, maana mzazi hakaripiwi mbele ya mwanawe. Leo nasema. Meza hufutwa. Umeamua kumfundisha nyumbani, basi ukimfungia mlango hana mwingine wa kubisha. Akikuuliza, epua sufuria, kaa naye chini. Usipojua, sema hujui, mtafute jibu pamoja. Wala usimwahidi kesho jambo ambalo mkono wako unaliweza leo.

Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, akuwekee wanao, wakue mpaka wakuchoshe kwa maswali.