Upande Wenye Damu Haba

Siku Sadallah alipoosha sufuria, mtaa mzima pale Temeke ukajua kwamba Somoe kamlisha mumewe limbwata. Hawakutaka ushahidi mwingine. Mwanamume aliyekuwa nyapara bandarini, makuli wakikimbia kwa sauti yake tu, leo kachuchumaa uani na majivu mkononi anasugua masizi! "Lisemwalo lipo," walisema wanawake waliokuja kununua vitumbua vya Somoe, na vitumbua vyenyewe wakavila. Limbwata gani hilo wasiloliogopa wao?

Kweli yenyewe ni hii. Mwaka ule wa hamsini na nane, baada ya Idi, Sadallah aliamka akashindwa kufunga vifungo vya shati. Mguu wa kulia akawa anauburura kidogo. Maneno yakamwisha. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kula, anakula. Usipomwambia kitu, atabaki hapo hapo mpaka jua limchome usoni, wala hasogei. Somoe hakumtuma kuosha vyombo. Ni binti yao Zuena aliyemtania, "Baba, osha," naye akaosha.

Bi Mwanakombo, mama yake Sadallah, alivuka kutoka Kigamboni akiwa ameshahukumu. Somoe alimwamkia shikamoo, marahaba hakuipata.

"Mie nilizaa dume," mama mkwe alisema barazani, kwa sauti ya kufika nyumba ya saba. "Wewe umenirudishia zezeta. Jumamosi nakuja kumchukua, nikamtoe huo uchafu uliomlisha. Akizinduka atakuacha mwenyewe, na wajukuu zangu nawachukua. Mchawi hanilelei damu yangu."

Hapo ndipo hasira ilipomkaba Somoe. Jina baya angelibeba, wangapi wamelibeba. Lakini watoto, hapana.

Kesho yake akamkokota mumewe hospitali. Alikuwapo daktari mgeni, aliyekuja kwa meli kuchunguza vichwa vya watu waliopooza. Dresa mmoja, mfunga vidonda, kijana wa Masasi, jina lake Gregori, ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Alimweleza Somoe taratibu: Sadallah atachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa itasafiri na damu mpaka kichwani, na mabomba mawili yaliyowekwa pande mbili za kichwa yataihesabu mionzi ikipita, ijulikane damu inaufikiaje ubongo.

Sadallah aliambiwa asitikisike. Hakutikisika hata ukope. Daktari akafurahi sana, maana wagonjwa wengine walikuwa wakimharibia kipimo kwa kugeuza vichwa. Somoe alimtazama daktari huyo akifurahi, akatamani kumzaba kofi.

Mashine ikaanza kugonga. Upande wa kulia iligonga upesi upesi kama mvua juu ya bati. Upande wa kushoto ilichelewa, kisha ikagonga kivivu. Hata Somoe, asiyejua mashine ni nini, alisikia.

"Kushoto damu inafika haba," Gregori alisema. "Mshipa umeziba. Ndiyo maana amepoa hivi. Hajalishwa kitu, mama."

"Basi mwombe bwana daktari aje Temeke aseme maneno hayo mbele ya mkwe wangu. Hayo tu."

Gregori alitafsiri. Daktari akajibu huku akifuta mikono, na Gregori akatazama sakafu. "Anasema kazi yake kupima. Mambo ya nyumbani hayamhusu, na meli yake inaondoka kesho."

"Na wewe je?"

"Mie dresa tu, mama. Nikimsemea daktari, kazi sina."

Wameingia mpaka ndani ya kichwa cha mume wa mtu, wameukuta ukweli, kisha wakaufungasha pamoja na mabomba yao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa haki waliondoka nayo.

Jumamosi Somoe alijieleza mwenyewe. Bi Mwanakombo alicheka. "Damu haba? Na nani aliyeikausha?" Akamshika mwanawe mkono, akamwambia twende, naye akaenda bila kugeuka nyuma. Somoe alilia kwa hasira huku akikoroga unga, kwa sababu wateja hawangojei mtu amalize kulia.

Kule Kigamboni Sadallah alinyweshwa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, akafukizwa, akatapishwa. Kila alichoambiwa kunywa alikunywa. Kisha mama yake akamwambia chota maji, akachota. Akamwambia kuna nazi, dume lile likakaa juu ya mbuzi, likakuna. Majirani wakaona. Haukupita muda wakaanza: mama mtu kamfunga mwanawe, amgeuze mtumishi, asirudi kwa mkewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Asubuhi moja Bi Mwanakombo akatokea Temeke, Sadallah nyuma yake kabeba kikapu. Wanawake walikuwa wamejaa barazani, wengine wakila, wengine wakingoja vitumbua.

"Shikamoo, mama," Somoe alisema.

"Marahaba, mwanangu, marahaba." Safari hii ilitoka mbio. "Mchukue mumeo. Watu wa kule hawana haya. Wanasema mie ndiye..."

Somoe aligeuza kitumbua kikaangoni. "Kwani ulimlisha nini, mama?"

Wanawake wakaacha kutafuna. Bi Mwanakombo alijifunika kanga mpaka mdomoni. "Sikumlisha kitu, Somoe," alisema chini chini. "Huyu mgonjwa."

"Paza sauti, mama," Somoe alisema. "Siku ile ulipaza."