Feni Niliyoikataa

Kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono yangu, na sioni aibu kulisema. Nilikwenda Afrika Kusini na begi moja, nikafagia ofisi za watu, nikasoma jioni, nikarudi na diploma ya mifumo ya kompyuta ambayo hakuna ndugu aliyenichangia hata daftari. Leo nina chumba changu cha kazi Kihesa, Iringa. Nahariri video za harusi na za kipaimara, na wanachuo waliokwama na kompyuta zao hunisubiri mlangoni. Kompyuta yangu kubwa niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Sijaona mwingine mjini hapa aliyefanya hivyo, na kama yupo hajanionyesha.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mtu aliyemkosea mama yangu hakuwa mjinga. Alikuwa anaijua kazi yake.

Baba alifariki nikiwa huko ugenini. Sikuja kumzika, kwa sababu karatasi zangu hazikuwa sawa na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Picha zake zipo kwa dada, zote amesimama wima, mikono ubavuni, kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu. Picha inayotembea ilikuwa moja tu: mkanda wa video wa harusi ya dada, uliorekodiwa zamani kijijini kwetu, kwenye vilima vya juu ya jiji la Mbeya. Ulikaa kabatini miaka yote bila mashine ya kuuchezesha.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, mama aligundulika kuwa na presha ya macho. Alikuwa nayo siku nyingi, sisi tukidhani ni uzee. Daktari alituambia kilichopotea hakirudi, kilichobaki ni kidogo, na matone yatachelewesha tu. Mama alieleza vizuri kuliko daktari.

"Naona kama ninachungulia kwenye tundu la ufunguo," alisema, "na huko upande wa pili kuna mtu analiziba na kidole."

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya hospitali, mimi, yeye na dada, tukisubiri dawa. Ndipo aliponiomba.

"Baba, wewe si ndiye fundi wa video? Ule mkanda wa dada yako. Nataka nimwone baba yenu akitembea. Mara moja tu, kabla hapajazibika."

"Mama, hilo niachie mimi," nilimwambia. "Utamwona kama amekuja mlangoni."

Nilirudi Iringa na mkanda ule nimeupakata. Nilitafuta mashine ya zamani, nikaifufua, na wiki ileile picha zote zilikuwa ndani ya kompyuta. Zilikuwa mbaya. Mistari ilipita juu mpaka chini, rangi zilikuwa zimegeuka njano, na sura za watu zilikuwa kama viazi vilivyomenywa, hazina macho. Baba anaonekana mara tatu. Mara ndefu kuliko zote ni pale anapovuka uwanja wa kanisa akiwa amemshika dada mkono. Nilipofika hapo niliizima, nikatoka nje kidogo.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa rejeta Ipogolo, chini pale barabara kuu inapopita. Malori yanayochemsha maji kwenye milima huishia kwake. Hakusoma zaidi ya darasa la saba. Nilimpelekea simu yangu aone kipande kile, naye akakiangalia mara mbili, akafuta mikono kwenye ovaroli na kukiangalia mara ya tatu.

"Ndiye yeye," akasema. "Kesho panda basi, mpelekee mama."

"Hivi hivi? Huu si ukungu mtupu?"

"Ukungu, lakini baba yumo."

"Siwezi kumpelekea mama yangu ukungu, kaka. Mimi nina uwezo wa kuisafisha ionekane kama imepigwa jana."

Na uwezo huo nilikuwa nao, hilo silirudishi nyuma. Kuna programu inayochukua picha mojamoja, ikaisafisha, ikaikuza na kukisia kilichofutika. Lakini kila sekunde ya video ina picha ishirini na tano, na kompyuta yangu haikuwa na kadi ya picha ya maana, hivyo mzigo wote ulibebwa na prosesa, ubongo wa kompyuta. Kwa mwendo wa kawaida kazi ingechukua zaidi ya wiki mbili. Nikaamua kuikimbiza prosesa kupita kasi iliyowekewa kiwandani. Mafundi wengi huliogopa jambo hilo. Mimi nimelisoma. Unaiongezea umeme kidogo, unaipandisha kasi, unaangalia joto. Joto ndilo lililonishinda: nusu saa tu prosesa ilikuwa inakaribia nyuzi mia, na kompyuta ikajizima yenyewe ili isiungue.

Nilihitaji kipozeo kingine. Mjini Iringa, kwenye duka moja la vifaa, kulikuwa na feni kubwa yenye mapezi ya aluminiamu na mirija minene ya shaba. Ningeweza kuifunga siku ileile. Aina ya pili ilikuwa ya maji: pampu ndogo inakaa juu ya prosesa, mipira miwili inapeleka maji kwenye rejeta yenye feni, na yanarudi yamepoa. Hiyo ilibidi iagizwe Dar es Salaam.

Nilikwenda tena kwa kaka, si kuomba ushauri, bali kumweleza nilivyoamua. Mafundi wenzake wanne walikuwa wamekaa kwenye matairi wakila mihogo.

"Ya maji?" kaka akauliza. "Sikiliza, mdogo wangu. Maji hayapozi kitu, yanahamisha joto tu. Anayepoza ni upepo. Kama mwisho wa safari ni upepo, maji ya nini?"

"Hewa ya huku juu ni nyepesi," nikamjibu. "Feni ikizunguka inapiga hewa kidogo kuliko ya Pwani. Hiyo ni fizikia."

"Nyepesi, lakini ya baridi. Wewe mwenyewe hapo umevaa makoti mawili."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni bwana diploma. Huko Sauzi hata chai wanapozea na rejeta."

Nilicheka nao, lakini iliniuma. Hawakujua nilichokuwa nimebeba. Katika ofisi ya kwanza niliyofagia kule, bosi alikuwa na kompyuta ya kasha la kioo, mirija ya maji imepita ndani inang'aa samawati. Nilipokuwa nafuta vumbi juu yake aliniambia nisiiguse, akaninyang'anya kitambaa mkononi. Tangu siku ile nilijua ipo siku nitakuwa na yangu. Kwa hiyo fizikia niliyowapa mafundi wa Ipogolo ilikuwa ya kweli, lakini sababu haikuwa fizikia.

Nikaagiza ya maji.

Mzigo ulikaa siku tisa, ukaja na kishikizo cha prosesa ya aina nyingine. Nikaurudisha. Wa pili ukakaa siku kumi na moja. Katikati ya siku hizo dada alinipigia simu.

"Mama jana kamwaga chai. Kaweka kikombe pembeni ya meza, hewani kabisa."

"Mwambie namalizia."

"Unamalizia nini? Kaka anasema ipo kwenye simu yako."

"Ile siyo, dada. Ile siyo."

Kipozeo kilipofika nilikifunga kwa furaha ambayo sitaki kuikumbuka. Rejeta niliiweka chini kabisa ya kasha, karibu na sakafu. Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Iringa mwezi wa saba anajua sakafu ya saruji asubuhi huitia miguu ganzi. Nikawaza, baridi yote hii ya bure kwa nini niipoteze? Feni ivute hewa ya sakafuni. Nikawasha, taa ya samawati ikawaka, nikapiga picha na kuwatumia watu niliosoma nao.

Siku ya kwanza joto lilikaa chini vizuri. Siku ya pili pampu ikaanza kugugumia, kama mtu anayesukutua mdomo. Siku ya tatu nilirudi kutoka kutafuta chakula nikakuta skrini nyeusi: kompyuta imejizima, na programu ile ilikuwa na tabia kwamba ikikatishwa njiani inaanza upya. Nikafungua pampu, nikapaka upya dawa ya joto inayokaa kati yake na prosesa, nikaanza tena. Ikazima tena. Nilipaka dawa ile mara tatu. Ningeweza kupunguza kasi na kuiacha ijikokote taratibu, lakini kila asubuhi nilijiambia leo nimeipatia.

Kaka alikuwa umbali wa dakika chache tu kutoka kwangu. Sikumpigia.

Alikuja mwenyewe, Jumapili, ametoka kanisani na suti yake. Dada ndiye aliyemtuma. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza.

"Hiyo ina hewa," akasema.

"Haiwezi kuwa na hewa. Imefungwa kiwandani, haifunguliwi."

"Basi imezaliwa nayo. Rejeta iko wapi?"

Nikamwonyesha. Alichuchumaa, akachungulia kupitia kioo.

"Umeiweka chini ya pampu."

"Sakafu ina baridi."

"Hewa hupanda juu, mdogo wangu. Ikipanda inakwenda kukaa ndani ya pampu, na pampu ikibugia hewa haisukumi maji. Sisi hata mtu akija na lori jipya, kwanza tunatafuta hewa iko wapi." Hakucheka. Ningependa angecheka. "Kwa nini hukuniita?"

Tulizima, akavua koti la suti, tukaihamishia rejeta juu kabisa ya kasha. Kabla ya kuwasha akaliinamisha kasha huku na huku taratibu, kama anayembembeleza mtoto mgonjwa. Tulipowasha, pampu haikusikika.

Siku nne baadaye kazi ilikwisha. Nilirekebisha na rangi, nikaiondoa ile njano yote. Nasema bila kujisifu, au hata kwa kujisifu: ilikuwa nzuri. Nyusi za watu zilionekana. Majani ya mti wa kanisani yalihesabika.

Mimi na kaka tulisafiri pamoja hadi Mbeya, skrini yangu kubwa nimeifunga kwenye blanketi. Tulifika kwa dada alasiri. Mama alitusikia akasimama. "Ndaga," alitusalimu kwa kilugha, akanyoosha mkono mahali ambapo sikuwepo. Nikasogea ili niwepo.

Dada alinivuta jikoni. "Tangu wiki iliyopita anaona mwanga tu," akasema. "Alinikataza nisikwambie. Alisema utaharakisha uharibu kazi."

Tuliiwasha hivyo hivyo. Tulimkalisha mama mbele ya skrini, lakini uso wake aliuelekeza dirishani, kwa sababu dirisha ndilo lililokuwa na mwanga mkubwa zaidi chumbani. Hakuna aliyemgeuza. Nyimbo za kwaya zikaanza, akawa anataja waimbaji kwa sauti zao, mmoja mmoja, wengi wao marehemu.

"Baba yenu ametokea?"

"Sasa hivi, mama. Anavuka uwanja na dada."

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Polepole?"

"Polepole. Dada ndiye anayemvuta."

Mama akatabasamu kidogo. "Alikuwa hataki kufika. Amevaa lile koti?"

"Amevaa koti. La kijivu."

"La kijivu? Si la kijivu. Ni la kahawia. Nilimshoneshea mimi kwa ajili ya siku ile."

Nilimtazama kaka. Naye hakukumbuka. Dada alisema siku ile yeye aliinamisha kichwa, akaona miguu yake mwenyewe tu. Kwenye skrini lilikuwa kijivu safi, bila doa, na nilijua kilichotokea: nilipoiondoa njano ya mkanda niliondoa na rangi ya koti. Mama angeliona kosa hilo mara moja. Alikuwa mtu pekee aliyebaki wa kuniambia.

"Labda macho yangu, mama," nilisema. Sikuwahi kusema sentensi ya kijinga zaidi.

Niliporudi Kihesa niliishusha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani, nikaanza kulitia koti rangi, picha kwa picha. Lakini kahawia ziko nyingi. Nilimpigia mama simu.

"Kama kahawa ya maziwa, mama?"

"Hapana, zaidi."

"Kama udongo wa shambani?"

"Wa wapi? Wa bondeni au wa kule juu?"

"Wa kule juu."

"Hapana. Ilikuwa kama... ngoja." Nilimsikia anavuta pumzi. Nilisubiri, mkono kwenye kipanya. "Baba, nilikuwa naiona vizuri. Sasa nikiitafuta, na yenyewe inaondoka. Weka unayoiona wewe."

Mimi siioni. Sikuwepo kwenye harusi ile, nilikuwa nafagia ofisi za watu. Nimeliacha koti nusu kahawia, nusu kijivu, pale pale katikati ya uwanja nilipokuwa nimefikia simu ilipokatika.