Lulu Niliyoionja

Juzi, katika soko la Kikula, mchuuzi alikuwa akimvalisha binti mmoja shanga nyeupe huku akiapa kwamba ni lulu za baharini. Nikamwambia binti azisugue kwenye jino. Lulu ya kweli hukwaruza kama mchanga, zile ziliteleza. Mchuuzi alinitukana, nami nikamrudishia, maana hasira yangu ilikuwa ya zamani.

Nilipokuwa mtoto, mwanamke mmoja aliingia uani kwetu na mfuko ulionuka naftalini, dawa ya kufukuza nondo. Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo. Shingoni alivaa malakiti, mawe ya kijani ambayo baba aliyachimba katika machimbo ya Kamatanda na kuyasugua mwenyewe mpaka yakang'aa. Mgeni alitaka wabadilishane: malakiti kwa lulu. Mama alisita, kwani lulu alizijua kwenye Biblia tu.

Mimi nilizitia mdomoni na kuzisaga kwa meno.

"Mama, iko laini sana!" nilisema, nikidhani kitu cha thamani lazima kiwe laini.

"Unasikia, mama?" mgeni akadakia. "Mutoto hawezi danganya!"

Mama akavua malakiti yake.

Plastiki! Na nisiambiwe kwamba labda mwanamke yule naye alidanganywa. Kabla hajayatia mawe yetu mfukoni aliyagonga kwenye meno yake, moja baada ya jingine, ka, ka, ka, akisikiliza kwa makini. Mimi nilicheka sana. Nilidhani ananiiga.