Kiti Kisichobebwa na Upepo

Ukiishi ghorofa ya nne hapa Kamenu, upepo ni mpangaji mwenzako. Mwezi uliopita ulinibebea viti viwili vya plastiki kutoka kibarazani, kimoja ukakitua juu ya paa la jirani. Basi nikashuka mjini kutafuta vingine. Kijana wa dukani akanisifia viti vya chuma chembamba.

"Shosho, hivi ni vyepesi, unabeba na kidole."

"Ndiyo maana sivitaki," nikamwambia. Alicheka. Hakujua kwamba bibi huyu somo hilo alilipata akiwa msichana wa miaka tisa.

Miaka ile ya hamsini tulikaa Ruiru, kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Baba alitoka magharibi kutafuta kazi, akaja na dada yake, yaani shangazi yangu, na mama yao, nyanya yangu, tuliyemwita kukhu. Chumba kilikuwa kimoja, kikinuka moshi na mboga ya kunde. Kwa hiyo wageni waliketi nje, kwenye mteremko ulio wazi, na upepo hapo haukuwa na adabu.

Shangazi alikuwa anaposwa. Baba wa mchumba alikuwa ameshasema kwamba watu wa laini hawana kwao, na shangazi hakuwa amekula vizuri tangu neno hilo limfikie. Siku ya ugeni nilitumwa kwa majirani kuazima viti. Kukhu aliniambia kila kiti nikinyanyue kwanza. Kikinyanyuka upesi, nikiache huko huko. Mimi nikaona kiti cha karani, cha turubai, cha kukunja, chenye mistari myekundu. Moyo ukaniponyoka. Benchi zito la jirani nikaliacha.

Mzee, baba wa mchumba, alikaribishwa kwenye kiti kile. Tukasimama kuomba, macho yakafumbwa. Yangu hayakufumbwa, kwa hiyo nilikiona kiti kikipinduka na kwenda zake. Lakini ni nani angekatiza maombi? Tuliposema amina, mzee akaketi mavumbini.

Hakuna aliyecheka. Shangazi akaanza kulia huko ndani. Kukhu akaingia, akatoka na kigoda cha marehemu babu, kilichochongwa kwa gogo moja. Tangu babu azikwe hakuna aliyekikalia, hata baba mwenyewe. Akakiweka mbele ya mgeni.

"Hiki ndicho kwetu," alisema. "Kaa."

Mzee alikitazama muda mrefu, maana alijua anapewa nini. Kisha akakaa, na neno lile la watu wasio na kwao hakulirudia tena. Shangazi aliolewa, akazeeka katika nyumba ya mzee huyo kwa heshima.

Kukhu hakunigombeza. Wageni walipoondoka alinituma tu nirudishe kigoda ndani. Nilikikumbatia kwa mikono yote miwili, kikanielemea, na sikufika mlangoni.

Laini zilibomolewa, kahawa ikang'olewa, pale sasa ni maghorofa tu. Kukhu na shangazi wamelala kaburini. Kigoda sijui kilipotelea wapi tulipohama. Nilichobaki nacho ni uzito wake mikononi, na ndio niliokuwa nikiutafuta siku ile dukani, nikinyanyua kiti kimoja baada ya kingine.