Muguu ya Mama wa Viazi

Hapana, asubuhi ile sikukuwa naiga mutu. Nasema mbele muniulize, juu watu wa soko yetu mupaka leo wanasema nilikuwa nacheza.

Kosa ni yangu. Mi sikusoma, lakini sauti za watu nilizisoma zote. Pale kwa bariyeri ya mupaka, tukiwa tunangojea wafungue tupite Goma, niliiga askari: «Mukecuru, we bibi, onyesha kitunga!» Niliiga wale wenye walikuwa wangali wanasema Zaïre, kisha wanashituka: «Pardon, pardon, Congo!» Lakini yenye ilikuwa inaangusha watu chini ni mama mumoja wa viazi, anatokaka Bugeshi, anachechemea. Mi naweka mukono kwa kiuno, nakokota muguu, nalia: «Yeee, matako yangu inaungua!» Watu wanacheka mupaka machozi. Yeye ananiangalia tu.

Basi, asubuhi ile nikainama, nikanyanyua kitunga ya mashu, kabichi zangu za kuuzisha Goma, mara moja. Puu! Moto ikatoka kwa mugongo, ikapita kwa tako, ikashuka nyuma ya paja mupaka kwa vidole. Nikalia: «Yeee, matako yangu!» Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Nikasema, «Naumwa kweli!» Wakapiga tena. Askari akasema, «Mukecuru, leo umeiweza! Rudilia!» Mi natembea kama kuku yenye walipiga jiwe, machozi inanitoka, na soko yote inanisifu.

Nyumbani nikafikiri ni goti. Nikaipakaa siagi ya ngombe, nikaifunga kitambaa. Masikini goti, haikukuwa na kosa. Nikalala siku tatu. Ya ine, kuamuka, niko kama musumari yenye ilipindama.

Nikaenda kwa dispanseri. Muuguzi alikuwa binti mwenye alirudi kutoka Tanzania, Kiswahili yake imepigwa pasi: «Shikamoo, bibi! Pole sana. Goti lako ni zima. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka mgongoni na kushuka mpaka mguuni. Huko juu ndiko ulikobanwa, huku chini ndiko unakopiga kelele.» Shikamoo sikujua inajibiwaka namna gani. Nikasema, «Merci.»

Akanikataza kulala siku muzima. Akanilaza chini, miguu juu ya kiti, na kweli, moto ikapungua. Nitembee pole pole. Niweke kitambaa ya moto. Nikiokota kitu, nikunje magoti, mugongo isimame. «Na ukishindwa kukojoa, bibi, au makalio yakafa ganzi, kimbia hospitali.»

«Nikimbie na hii muguu?»

Akacheka. «Ubebwe, basi! Na mzigo wako uugawe.»

Nigawe na nani? Mama wa Goma mwenye kununua mashu yangu alikuwa anataka kila siku. Ukikosa, anatafuta mwingine, na mi nilikuwa nimekosa siku tano. Bila yeye, sufuria yangu inakaa chini. Na kati ya wote wenye walikuwa wanapita bariyeri, mumoja tu alikuwa na mwendo yenye mi naweza kufuata. Mama wa viazi.

Nikamufuata mbele ya watu wote. Nilitaka kusema na heshima: «Dada, unisamehe, unisaidie kubeba.» Lakini kinywa yangu ilizoea ubaya, ikatoka na sauti yake yeye, na ile «yeee» yake mwanzoni. Watu wakaanguka na kicheko. Nilitafuta shimo ya kuingia, na hata kuinama siwezi.

Yeye hakucheka. Akafungua kitunga yangu, akatoa nusu ya mashu, akaitia juu ya viazi vyake, akafunga. Akaenda hatua mbili. Kisha akageuka, akaniangalia kuanzia kiuno mupaka chini, na kutoka siku ile sikuiga tena mutu kwa bariyeri. Alisema:

«Miaka yote hii unaniiga muguu ya kushoto. Mi naumwaka ya kuume.»