Benchi la Nje la Mama Lusia

Mgonjwa wa kwetu hana ruhusa ya kuchoka. Akirudi kutoka hospitali nyumba inajaa, na asipotabasamu wanasema ana maringo.

Apolonia, Mama Lusia, muuza mchele wa Nyasubi, aliyajua hayo kwa kuumia. Alikuwa na saratani ya damu, na kila alipotoka kwenye dripu za kemo kule Mwanza, mwili wake ulibaki bila kinga. Nesi alimwonya: asishikane mikono na watu, asikae kwenye msongamano, asinywe mtindi. Mara ya kwanza aliona aibu kuwaambia wageni. Alishika kila mkono, akanywa kila alicholetewa. Homa ikampanda, akarudishwa Mwanza hajitambui. Adabu nusura imzike.

Safari hii alimwambia mumewe, Masele, aweke benchi nje ya dirisha la sebule, na ndoo ya maji na sabuni. Yeye akakaa ndani, kilemba juu ya kipara, vidonda mdomoni, lakini hamu ya maongezi anayo tele. Tangu augue hakuna aliyemuuliza habari za mchele. Watu walimtazama, wakaguna, wakasema, "Pole, Mungu yupo," kisha wakaongea na Masele kana kwamba yeye ameshatangulia. Hilo lilimuudhi kuliko vidonda.

Jumapili akaja shemeji yake Maige na kundi la ndugu kutoka Kagongwa, pamoja na mama mkwe, bibi Sesilia, aliyebeba kibuyu cha mtindi.

"Shikamoo mama," Apolonia aliamkia kupitia nondo za dirisha.

"Marahaba, mwanangu."

Maige aliliangalia benchi, akakohoa. "Shemeji, tumefunga safari yote hii, unatuacha nje kama mbuzi?"

"Nisamehe, shemeji. Hicho kikohozi kwako kinapona kwa tangawizi. Kwangu ni jeneza."

"Sawa! Na siku ukifa, nani atakuja kukuzika?"

Huku kwetu hilo si swali, ni laana. Apolonia alishikwa na hasira.

"Msije! Siku hiyo sitakuwepo kuwapokea. Mimi nawataka leo, masikio yangu yakiwa yanasikia. Kaeni hapo mnitanie, mniambie mpunga umepanda au umeshuka, mniulize mimi mwenyewe nimelalaje. Mbona kwenye matanga hamkosi, na wote mnalala nje?"

Maige akageuka aondoke, na ndugu wakamfuata. Bibi Sesilia akamvuta shati, akampachika kibuyu mikononi.

"Kunywa wewe usiyeumwa. Mimi nimekuja kuongea na mwanangu."

Akanawa mikono polepole, akaketi benchini peke yake, akainua uso dirishani.

"Haya, mayu, mama yangu, umelalaje? Na huu mchele wa msimu huu, mbona chenga tupu, hakuna punje nzima?"

"Mashine ya nani imekoboa?" Apolonia aliuliza, na sauti yake ilikuwa ileile ya sokoni.